LOCL sio printa ya tawi, tuache kudanganyana

Wadau wa SAP (programu ya kuendesha shughuli za kampuni) naomba hili tuliongee bila kuoneana haya. Kampuni ina seva Dar, ina ghala Mwanza na stoo nyingine Mbeya, mradi unakaribia kuwashwa alafu ndo mtu anakumbuka kumbe kule mikoani nako watu wanaprinti, basi kila yuza anapewa LOCL, jina la printa ndani ya SAP, anaambiwa hati itatokea kwenye printa yako ya Windows, kazi imeisha. Mi nasema kazi haijaanza hata.

LOCL kwa kawaida inatumia access method (njia ya kupeleka hati kwenye printa) G, yaani hati inashuka kupitia SAP GUI (dirisha la SAP kwenye kompyuta) ya yule aliyelogini na kutokea kwenye printa ya kompyuta yake. Kwa mtu wa ofisini anayetoa ripoti moja moja iko poa kabisa, sina ugomvi nayo. Ila ghala linaendeshwa na job za usiku za background, yaani kazi ambazo SAP inaziendesha yenyewe bila mtu kulogini, delivari noti zinatengenezwa alfajiri ili malori yakifika yakute karatasi tayari, na job ya background haina GUI, sasa hati itashukia wapi? Asubuhi mtunza stoo anakuta trei tupu, madereva wamejaa getini, anaanza kuzitafuta moja moja azitoe kwa mkono huku anafokewa na kila mtu. Inauma kwasababu dawa yake ipo miaka na miaka.

Weka kompyuta moja ya Windows palepale ghalani, iwake muda wote, iwe na UPS, ipakie SAPSprint, programu ya SAP inayopokea hati na kuzipeleka kwenye printa za Windows. Kisha ingia SPAD (sehemu ya SAP ya kusajili printa) utengeneze output device, yaani printa kama SAP inavyoijua: access method S, device type (muundo ambao SAP inaandalia hati) SWIN, host ni hiyo kompyuta. SAPSprint inasikiliza port (mlango wa mtandao) 515 na hapa ndo wengi wanakwama, mtu anaping inajibu, anatangaza mtandao uko safi, kumbe faiawoli ya VPN imeruhusu ping tu na 515 imefungwa. Jaribu port yenyewe, tena kutoka kwenye seva ya SAP sio kwenye laptop yako, maana njia zenu sio moja.

Alafu SAPSprint ni sevisi, kwa kawaida inaendeshwa na akaunti ya Local System (ya Windows yenyewe, sio ya mtu), kwahiyo printa ya mtandao uliyoiunganisha ukiwa umelogini kwa jina lako yenyewe haiioni kabisa. Isajili printa kwenye hiyo mashine kwa port ya TCP/IP, na printa ipewe IP isiyobadilika.

Kuna wanaosema tuachane na kompyuta ya katikati, tutume moja kwa moja kwa access method U. Inawezekana, printa nyingi za ofisi zina LPD (huduma ya kupokea hati kupitia mtandao) ndani. Lakini hapo device type lazima iendane na lugha ambayo printa inaielewa. Ipelekee PostScript printa inayojua PCL tu uone, ukurasa wa kwanza una %!PS-Adobe juu kabisa, alafu karatasi zinafuata zimejaa herufi na alama za ajabu mpaka trei inaisha, na huko toner mpya inasubiri basi kutoka Dar. Ukitumia SWIN na SAPSprint, draiva ya Windows ndo inabeba huo mzigo. Pia LPD imeandikwa kwenye RFC 1179 (waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 1990, haifichi kitu, bei za wateja wako zinapita wazi, kwahiyo bila VPN usithubutu, na 515 au 9100 (port nyingine ya printa) usizifungulie intaneti hata kwa siku moja. Na hiyo Windows ya ghalani ipate apdeti, PrintNightmare, udhaifu wa usalama wa Windows wa 2021, ilipita kwenye print spooler (sevisi ya Windows ya kuprinti) hiyohiyo.

Usiridhike na SP01 (orodha ya SAP ya hati zilizotumwa kuprintiwa) ikikuandikia Compl., yaani imekamilika. Kama output device imewekwa isiulize hali ya kazi huko inakoenda, SAP inahesabu imemaliza pale tu inapokabidhi hati. Mpigie simu mtunza stoo, muulize karatasi imetoka au haijatoka.

Mameneja wa miradi, nawaomba sana, printa za matawi ziingie kwenye bajeti na kwenye plani ya testing tangu mwanzo, na test ya kuzipitisha iwe job ya background, usiku, GUI zote zimefungwa.