Macho ya yaya

Kila asubuhi majirani wetu wa Kadutu walikuwa wakimwona yaya, ndugu yangu mkubwa, na macho yaliyovimba, wakaamua kwamba usiku kucha analia. Wengine walinong'ona kwamba amelishwa sumu, maana hapa Bukavu ugonjwa wowote mrefu lazima uwe na mtu nyuma yake. Kumbe ni kidonge. Imatinibi, dawa anayomeza kwa ajili ya saratani ya damu, inajulikana kwa kuvimbisha kope, kukaza misuli ya miguu na kuleta kichefuchefu. Inatakiwa imezwe na chakula na glasi kubwa ya maji. Siku tuliyopewa dawa hatukuambiwa lolote kati ya hayo. Yaya alikuwa akiimeza tumbo tupu, anatapika, na baadaye akaanza kuruka siku. Vidonge tulivikuta ndani ya kopo la chumvi.

Dawa yenyewe siilaumu hata kidogo. Kabla ya mwaka 2001 wagonjwa kama yeye walikuwa wakidungwa interferoni, na sindano hiyo ilikuwa na balaa lake: iliweza kumtia mtu sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Mwaka huohuo wa 2001 lilichapishwa jaribio la Marekani la wagonjwa 40 wa saratani ya ngozi, waliokuwa wanaanza interferoni ya dozi kubwa. Wiki mbili kabla ya sindano, baadhi walianzishiwa paroksetini, dawa ya sonona, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Katika kundi la kidonge kitupu, asilimia 45 walipata sonona. Kwa wale wa paroksetini, 11. Wagonjwa ni wachache, najua. Lakini nilipolisoma nilimkumbuka shangazi yetu aliyemwambia yaya aache kuwaza sana na aongeze maombi. Sindano inaweza kuleta huzuni, na kidonge kikaizuia. Maombi aendelee nayo, sawa, ila asihukumiwe.

Yaya ameacha kwenda kwenye meza yake ya sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, sokoni Nyawera. Hataki redio, yeye aliyekuwa akigombana na watangazaji. Ni dawa? Ni ugonjwa? Ni maisha ya mji huu? Tutajuaje, wakati kila akienda kliniki wanampima uzito, wanatoa damu, wanahesabu chembe nyeupe, basi? Hajaulizwa hata mara moja analalaje.

Na wasiniambie hatuna madaktari wa akili. Utafiti uliochapishwa 2013 ulifanyika humuhumu, katika vijiji vya Kivu Kusini na Kaskazini, kwa wanawake waliobakwa. Vijiji vingine vilipata tiba ya mazungumzo, kikao 1 cha mtu peke yake na 11 vya kikundi. Vingine, msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baadaye, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 upande wa vikundi, na 42 upande wa pili. Vikao viliongozwa na wasaidizi wa kijamii, wengine wakiwa na miaka minne tu ya masomo baada ya shule ya msingi. Basi muuguzi wa kliniki anashindwa nini kuuliza maswali matatu?

Jumanne yaya anarudi kupimwa. Kwenye daftari lake la hospitali, chini ya uzito, nimeandika kwa kalamu nyekundu: usingizi, misuli, moyo. Ameniangalia, akasema, "Mdogo wangu, andika kubwa zaidi. Yule hasomi maandishi madogo."