Nani Anavuma Humu Ndani?

Saa nane za usiku Tabora imetulia, mbwa wa Isevya wamechoka kubweka, mwembe nao hauangushi hata embe moja. Ndipo nyumba inapoanza: mmmmmmm. Si mbu. Mbu ana adabu, huja sikioni kujitambulisha kabla ya kunywa. Hii ni sauti isiyo na anwani, na ukimwamsha mwenzio aisikie, itanyamaza palepale ili uonekane una homa.

Basi kila mtu ana jibu lake. Mama mkwe: majini. Kijana wa form four: transfoma ya mtaani. Baba mwenye nyumba: "Mbona mpangaji wa kwanza hakuisikia?" Hakuna hata mmoja anayefikiria kwenda kwenye mein swichi, kitu pekee kitakachosema ukweli bure.

Zima mein swichi. Hesabu mpaka 30 ukiwa umebana pumzi. Sauti ikikatika, mkosaji ni wako na anakula umeme wako wa luku. Isipokatika, ni ya jirani, au ni... tulia, huko darini tutafika.

Imekatika? Shusha breka zote, rudisha mein, kisha pandisha breka moja moja. Na hapa watu wanaharibu: wanapandisha, wanasikiliza sekunde tano, wanasema "siyo hii". Friji ni mwizi mzoefu, bwana. Kompresa yake inafanya kazi, inapumzika, na ukifika na tochi inakuwa imelala fofofo. Mpe dakika 20 kabla ya kumwachia huru.

Usiliamini sikio peke yake. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na kila mgeuko sumaku inavuta chuma mara mbili, kwa hiyo stabilaiza, chok ya tyubu na pampu vyote vinaimba noti ileile ya mitetemo 100 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa karibu mita tatu na nusu, upana wa chumba chako hasa! Ndiyo maana ukisimama ukutani linakuzidi, ukisogea robo ya chumba kutoka ukutani linapotea, nawe unaapa kwamba jirani ndiye mchawi. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse mwili wa kifaa, mpini uuweke kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kwenye waya ulio wazi na kwenye feni inayozunguka usiguse, maana tutakuja kula pilau lako.

Vidogo tuvimalize. Stabilaiza iliyowekwa juu ya kabati tupu imewekwa juu ya ngoma. Iweke sakafuni, chini yake vipande vya ndala chakavu. Friji iisogeze isiguse ukuta, isawazishe miguu, na zile sufuria za harusi zilizopangwa juu yake ziondoke, hazipigi vigelegele kwa furaha. Feni ya dari ikivuma ukiiweka mwendo mdogo na kutulia ikienda kwa kasi, tazama kwanza regulata.

Sasa pampu. Hapa ndipo pesa za watu zinapoliwa.

Pampu ndogo ya nusu hospawa, ile ya kupandisha maji kwenye simtanki, inavuma mmm halafu haizunguki. Fundi atainusa, atatikisa kichwa, atasema mota imeungua. Utanunua mpya. Ile ya zamani atakuambia "ngoja nikaitupe", na kesho yake inapandisha maji mtaani Cheyo kwa furaha tele.

Kabla hujamwita, chomoa umeme. Fungua kifuniko cha nyuma, shika mapanga ya feni, zungusha kwa mkono. Yakizunguka laini, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kile kikopo cheupe kwenye kisanduku cha juu. Nyingi za nusu hospawa zina maikrofaradi 8 au 10, volti 450. Soma kilichoandikwa, usikisie. Kapasita huweka umeme hata ukishachomoa, kwa hiyo gusisha miguu yake miwili kwenye nyaya za balbu ya zamani yenye uzi ndani (si LED) iishe nguvu, ndipo upime kwa mita yenye kupima kapasita. Kama imeandikwa 10 na inasoma 6, umemshika. Usiweke ya 20 eti ipate nguvu zaidi! Utachoma waya za ndani, halafu fundi atakuwa amesema kweli kwa mara ya kwanza.

Yakigoma kuzunguka, ni kutu. Nafasi kati ya impela, lile gurudumu linalosukuma maji, na ganda lake ni nyembamba mno, na pampu iliyokaa miezi bila kazi hushikana yenyewe. Tia maji, zungusha mbele na nyuma taratibu mpaka iachie. Usiiache ivume huku unatafuta spana: mota iliyokwama inavuta umeme mara nne mpaka sita ya kawaida, na dakika chache zinatosha kuikaanga.

Na ikivuma jioni tu, asubuhi inafanya kazi vizuri? Umeme umeshuka. Mtaa mzima unapika na kupiga pasi, volti 230 zinakuwa 180. Utasema ni asilimia 78, si haba. Lakini nguvu ya mota kuanza kuzunguka hufuata volti mara volti, kwa hiyo umebaki na asilimia 61. Pandisha maji alfajiri, bwana, uache kugombana na pasi za watu.

Haya, yule aliyezima mein na bado anasikia mmmm, na ya jirani imezimwa pia. Panda kiti, gonga dari kwa vidole. Sauti ikipanda kwa hasira kisha ikashuka polepole, hapo fundi umeme hana kazi. Hii ni Tabora, baba. Ni nyuki. Wanapiga mabawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, na bati likichemka mchana ndiyo wanapepea zaidi kupoza masega.

Usimwage petroli, utachoma nyumba. Usizibe tundu la nje, maana watatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni kishikio cha taa ya chumbani kwako. Mji una hadi chuo cha nyuki. Tafuta mwenye moshi na mavazi, aje jioni wakiwa wamerudi wote. Na msimamie atoe masega yote, siyo nyuki tu. Yakibaki, harufu itaita kundi lingine, na hata lisipokuja, bati la Oktoba litayeyusha nta, na asali itakudondokea kitandani kupitia gipsamu uliyokopa ili uipige.