Tenga la Ilula, kreti ya Barendrecht

Nimezaliwa Ilula, mkoani Iringa, kwenye nyanya. Nilipopata njia ya kuja Uholanzi nikajisemea sasa basi, nimeachana nazo. Wiki ya tatu wakala wa kazi akanipeleka Barendrecht, pembeni mwa Rotterdam, mji ambao makampuni ya matunda na mboga yamebanana kama maduka ya Kariakoo. Nikapewa koti zito, skana na foklifti, nikaoneshwa mzigo wa kupanga. Nyanya. Nilicheka peke yangu mpaka msimamizi akaniuliza kama niko sawa.

Huu mwaka wa sita nazihamisha, na kuna maneno ya wenzangu wa huku yananikera kila wakienda likizo nyumbani. Wanakaa barazani wanawaambia watu kwamba Ulaya wana mashine ndiyo maana wanapata faida, na mkulima wetu hapati kwa kuwa hana elimu. Mama yangu darasa la saba analijua, na nyanya zake zilikuwa safi kuliko hizi ninazozipanga, zinazolimwa ndani ya nyumba za vioo. Pesa yake ilikuwa inapotelea njiani.

Mwaka 2016 alipakia matenga 80 kwenye Fuso, akanituma niyasindikize. Ilula mpaka Dar ni kama kilomita 450. Tenga lenyewe la mbao ambazo hazijapitiwa na randa, limejazwa mpaka limevimba juu, likafunikwa nyasi na kufungwa kamba, halafu likabebeshwa jingine, na jingine tena. Nyanya ya chini kabisa inabeba ghorofa tano. Tukashuka Kitonga, tukapita Ruaha Mbuyuni, tukakaa foleni ya mizani, tukavuka Mikumi polepole kwa ajili ya wanyama, na karibu na Chalinze tairi likapasuka. Tunaingia Soko la Ilala jua limeshapanda, na magari manane ya nyanya yametutangulia. Hakuna aliyejua kwamba siku hiyo yangekuja tisa. Wa Ilula hakujua, dalali hakujua, mama ntilie anayenunua fungu la nyanya nne hakujua. Matenga ya chini yalikuwa yanachuruzika mpaka kwenye viatu vya wabebaji. Dalali akabonyeza nyanya moja kwa kidole gumba, akakifuta kwenye suruali, akasema, "Dogo, soko limelala."

Nauli inalipwa kwa tenga, liwe limefika na nyanya au na rojo. Ushuru kwa tenga. Kushusha kwa tenga. Dalali anakata chake kwa lililouzika. Kwenye msafara mzima ule, nyanya zilipopasuka hakuna aliyepungukiwa hata shilingi, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa Ilula anasubiri simu. Tulimwaga matenga 17. Nilipompigia, mama aliuliza kitu kimoja tu: "Hela ya dawa ya shamba imerudi?" Haikurudi.

Huku ndani ya mzigo husafiri kidude kidogo cha kupima joto. Nyanya inataka nyuzi 12 hivi. Ukiizidishia baridi inapoteza ladha, ukiiacha kwenye joto inaiva kabla ya kufika. Friji ya lori ikizimika usiku, kidude kinaandika saa iliyozimika na saa iliyowashwa, na mwenye lori ndiye anayekatwa. Kwa hiyo dereva haizimi. Nimefanya naye kazi, nawahakikishia si mtu mwema kuliko dereva wetu wa Fuso. Tofauti ni kwamba huyu uzembe wake unamrudia mwenyewe kwenye ankara. Vyuoni wanauita usimamizi wa mnyororo wa ugavi. Kwa lugha ya Ilula ningesema ni kujua mzigo uko mikononi mwa nani, na ukiharibika ukiwa mikononi mwake alipe yeye.

Msinielewe vibaya kwamba huku hakitupwi kitu. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lilikadiria kwamba karibu theluthi moja ya chakula cha dunia, kama tani bilioni 1.3 kwa mwaka, hupotea au hutupwa. Sisi maskini tunapoteza sana baada ya kuvuna. Matajiri wanatupia dukani na jikoni. Naamini, maana pipa la mwenye nyumba wangu nimeliona.

Na hawa Waholanzi hawakuzaliwa na skana. Kaskazini huko kuna kijiji kinaitwa Broek op Langedijk, ambako mwaka 1887 wakulima walianza kuuza mboga zao kwa mnada badala ya kila mtu kubembeleza mnunuzi kivyake. Baadaye wakawa wanaingia na mitumbwi iliyosheheni kabichi mpaka ndani ya jengo la mnada. Sasa ni makumbusho, nimekwenda. Unakaa mbele ya saa kubwa, bei inaanzia juu inashuka, wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye kanunua. Nilipokaa pale sikuwaza mashine. Niliwaza kwamba bei ile inaonwa na mkulima na mnunuzi kwa wakati mmoja. Mama bei ya Ilala aliijua kwa mdomo wa dalali, na dalali ndiye anayemuuzia.

Nyumbani nako kuna kitu ambacho huku hakipo. Mwaka jana mfumo wa kompyuta wa ghala letu ulizima alfajiri. Malori yamejipanga mlangoni, nyanya ziko mbele yetu, kila mtu anaziona, na kwa saa nne hakuna aliyeruhusiwa kugusa kreti. Tulikunywa kahawa. Ilala yule mtu wa stoo angetoa kalamu ya sikioni, akaandika kwenye kipande cha boksi, na mzigo ungeondoka kwa mali kauli: chukua, kauze, jioni niletee changu. Mnunuzi wa huku anaweza kukaa siku 30 bila kulipa, na ana mkataba unaomlinda. Muuza genge wa Buguruni hana karatasi yoyote, lakini kabla ya magharibi kashalipa, maana kesho anataka tena.

Mdogo wangu ndiye analima sasa. Mwaka juzi nilimtumia hela akanunua kreti 40 za plastiki, zile ambazo ukizipanga uzito unabebwa na kuta zake, nyanya haikandamizwi. Safari ya kwanza nyanya zilifika nzima. Zilirudi kreti 13. Wanunuzi walizipenda wakaondoka nazo, na dalali akalalamika kwamba yeye bei yake ni ya tenga, hizi azipigie hesabu vipi? Hapa kila kreti ina amana, usipoirudisha hela yako imekwenda, na kuna malori yanayokusanya tupu tu. Hilo la kukusanya tupu mimi sikulifikiria kabisa, na kila siku nalifanya kwa mikono yangu. Zile 13 mama anaanikia mahindi.

Jumapili mdogo wangu kaomba hela ya kreti nyingine 50. Nimemwambia kwanza anitajie nani atazirudisha Ilula na kwa shilingi ngapi. Leo Alhamisi, ameusoma ujumbe, hajajibu.