Msiwanyime Wagonjwa wa Kisukari Chakula cha Usiku

Mwezi uliopita, yapata saa tisa usiku, tulimkuta shangazi yangu ameketi ukingoni mwa kitanda, khanga aliyojifunga imelowa jasho kama mtu aliyenyeshewa, akimwita marehemu mumewe na kumwuliza kama mbuzi wamekwisha kufungiwa. Mikono ilikuwa ikimtetemeka na macho yake yalitutazama bila kututambua. Hapa kwetu Isevya, mjini Tabora, mtu anayeweweseka usiku hudhaniwa kwanza kwamba amekabwa na jinamizi, na jirani aliyesikia sauti yake alikuwa tayari amefika mlangoni na kuanza kusoma dua. Binamu yangu ndiye aliyekumbuka mashine ya kupimia sukari iliyokuwa kabatini. Tulipomtoboa kidole, ilionyesha milimoli 2.6 kwa lita, yaani sukari ilikuwa imeshuka mno.

Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, tulimkorogea vijiko vitatu vya sukari katika glasi ya maji, akanywa yote. Asiyeweza kumeza hanyweshwi kitu, hukimbizwa hospitali. Tulisubiri dakika 15 ambazo sitazisahau, tukapima tena na kupata 4.3, naye akatuuliza kwa nini tumewasha taa usiku wote ule. Tukampa kipande cha mkate na karanga ili sukari isimshuke tena kabla ya kukucha.

Kilichoniumiza kuliko tukio lenyewe ni sababu yake. Siku tano kabla, shangazi alikwenda kliniki, sukari yake ya asubuhi ikasoma 13, akakaripiwa mbele ya wenzake waliokuwa kwenye foleni, kisha akaandikiwa katika daftari lake maneno matatu: punguza ugali usiku. Mama mwenye umri wa miaka 68, aliyekulia katika nyumba ambamo asiyekula ugali huhesabiwa kuwa hajala, aliamua kuuacha kabisa. Kwa usiku tano mfululizo alikula mlenda na vidagaa vichache, akameza vidonge vyake kama kawaida, akaenda kulala. Nilipomwuliza kwa nini hakutuambia, alinijibu hivi: "Niliambiwa nipunguze, mwanangu, nami sikutaka kurudi kule na namba mbaya ile ile."

Ninasisitiza kwamba kumwambia mgonjwa anayetumia dawa za kushusha sukari apunguze chakula cha usiku, bila kumwuliza anameza dawa gani, anaimeza saa ngapi na analalaje, ni kumweka katika hatari. Vidonge vya shangazi vilikuwa vya glibenklamidi, ambayo hulilazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala, na nguvu yake hudumu kwa saa nyingi, hasa kwa mzee ambaye figo zake zimechoka. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeeleza wazi kwamba dawa hiyo haifai kwa watu waliozidi umri wa miaka 60. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamidi na insulini huishusha, nazo hazitambui kwamba mgonjwa ameamua kutii agizo kwa kulala na njaa.

Pili, namba ya asubuhi haitoshi kuihukumu sahani ya jioni. Kuanzia alfajiri, mwili hujiandaa kuamka kwa kutoa homoni zinazoliamuru ini kumwaga sukari katika damu, na kwa mtu mwenye kisukari sukari hiyo hupanda na kukaa juu hata kama alikula kidogo usiku. Inawezekana pia kwamba dawa ya jioni iliisha nguvu kabla ya kukucha, au kwamba kweli mgonjwa alishindilia ugali saa nne usiku. Hali hizo tatu hutoa namba zinazofanana saa moja asubuhi, na tiba zake ni tofauti. Njia ya kuzitenganisha ni kupima pia kabla ya kulala na saa tisa usiku, kwa siku chache tu, kisha kumpelekea daktari daftari lenye namba zote. Ninajua kwamba stripu za kupimia ni ghali na kwamba nyumba nyingi hazina mashine. Basi angalau mgonjwa aulizwe kuhusu usiku wake, kwa maana swali halina gharama.

Usiku wa mgonjwa husema mengi. Yupo anayeamka mara nne kwenda haja ndogo, koo limekauka, akanywa maji na kuamka tena. Huyo kwa kawaida sukari yake iko juu, kwa sababu ikizidi takribani 10 figo hushindwa kuizuia, ikatoka na mkojo ikivuta maji ya mwili. Yupo mwingine anayeota ndoto za kutisha, akaloa jasho, moyo ukamwenda mbio na asubuhi kichwa kikamgonga. Huyo inafaa kushuku kwamba sukari yake inashuka. Wote wawili huja kliniki wakisema neno moja, kwamba hawapati usingizi, na wote wawili huambiwa wapunguze ugali. Kwa wa kwanza ushauri huo unaweza kumsaidia, na kwa wa pili unaweza kumuua.

Ninakiri kwamba ugali wetu ni mwingi mno, na wauguzi hawakosei wanapousema. Nyumbani kwetu tunakula katika sinia moja, bonge la sembe katikati, bakuli la mboga pembeni, na hakuna anayeweza kusema amekula kiasi gani. Tulichofanya baada ya usiku ule ni kumpakulia shangazi sahani yake mwenyewe, jambo ambalo mwanzoni lilimhuzunisha kwa sababu aliona kama ametengwa. Nikaketi naye, sahani kwa sahani. Nusu ya sahani tunaijaza mboga za majani, iwe mlenda, kisamvu au nsansa iliyoungwa kwa karanga. Robo ni maharage, choroko au dagaa. Robo iliyobaki ndiyo ugali, wa dona badala ya sembe, usiozidi ukubwa wa ngumi yake iliyofumbatwa. Anaanza na mboga na maharage, ugali anaumalizia. Mpangilio huo una sababu, kwa kuwa nyuzinyuzi na protini zikitangulia tumboni, wanga hufyonzwa polepole na sukari haipandi kwa ghafla baada ya mlo.

Saa nayo ina uzito wake. Tulikuwa tunakula baada ya taarifa ya habari, karibu saa tatu usiku, na saa nne watu wamelala. Sasa tunakula saa moja, kisha shangazi anatembea taratibu hadi kwa jirani yake na kurudi, kama robo saa hivi, ili misuli iitumie sukari ile badala ya kulala nayo. Chai ya rangi ya usiku tumeihamishia mchana, kwa sababu kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi, na shangazi alikuwa akiinywa kwa vijiko vitatu vya sukari.

Kuna jambo la asali ambalo siwezi kulipita, maana linahusu heshima ya mkoa wetu. Sisi watu wa Tabora tunaipenda asali ya miombo, tunaipeleka zawadi kila tunapopanda treni kwenda Dar es Salaam, na wengi wetu tunaamini kwa dhati kwamba haiwezi kumdhuru mwenye kisukari kwa kuwa ni ya asili. Mara tatu mwezi huu nimesikia mtu akimshauri shangazi alambe kijiko cha asali kabla ya kulala ili apate usingizi. Asali ni sukari kwa karibu sehemu nane katika kila kumi, na kijiko kimoja kikubwa kina takribani gramu 17 za sukari. Siku ambayo sukari imeshuka, kijiko hicho ni msaada mkubwa. Siku nyingine zote, kikilambwa kila usiku kama dawa, kinampandisha mgonjwa sukari na kumwamsha kwenda chooni. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, nayo inahitaji uangalifu uleule, kwa sababu viazi vikishakaushwa maji hutoka na wanga hubaki, hivyo konzi moja ya michembe ni kiazi kikubwa kizima, nasi huila kama kitafunio tusichokihesabu.

Wapo watakaosema kwamba usingizi ni jambo dogo, sukari ishughulikiwe kwanza. Sikubaliani nao. Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya vijana 11 wenye afya njema waliolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa usiku sita mfululizo. Miili yao ilishindwa kuiondoa sukari katika damu kwa kasi yake ya kawaida. Ikiwa vijana wazima waliyumba kwa wiki moja, mzee anayeamka kila usiku kwa miaka anabeba mzigo wa namna gani? Usingizi ukivurugika sukari hupanda, sukari ikipanda usingizi huvurugika, na siku inayofuata uchovu humfanya mtu atamani soda na maandazi.

Ninawaomba wauguzi wa kliniki zetu, ambao ninajua wanahudumia foleni ndefu wakiwa wachache, waongeze swali moja tu: unalalaje? Nanyi mlio na wazazi wenye kisukari nyumbani, msikubali mzee alale na njaa baada ya kumeza dawa, hata akiwaambia ndivyo alivyoagizwa. Mwulizeni daktari dawa hiyo inamezwa na chakula kiasi gani na mgonjwa afanye nini akikosa hamu ya kula, na msiipunguze wala kuiacha wenyewe. Kwa ndugu zetu Waislamu jambo hili lina uzito wa pekee Ramadhani inapokaribia, kwa kuwa saa za dawa na za chakula hubadilika kwa siku moja. Mazungumzo na daktari yafanyike wiki kadhaa kabla, na daku lisirukwe.

Sisi tulirudi kliniki tukiwa na daftari la namba za usiku nne. Daktari tuliyemkuta siku hiyo alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akamwuliza shangazi maswali kwa upole, akambadilishia dawa na kumruhusu ugali wake wa ngumi moja. Sukari yake ya asubuhi bado haijawa nzuri kama tunavyotaka. Juzi ilikuwa 8.9. Jana, saa tisa usiku, niliingia chumbani kwake na mashine. Khanga ilikuwa kavu. Alininyooshea kidole bila kufumbua macho, akauliza ni ngapi, nikamwambia ni 7.1, akageukia ukutani akaendelea kulala.