Eti mjusi kazuia nyumba

Kule Dorset, kusini mwa Uingereza, nyumba zikikataliwa kibali utasikia tu "mjusi kashinda binadamu". Mjusi mwenyewe, Waingereza wanamwita sand lizard, yaani mjusi wa mchangani, ukimpima na mkia wake hafiki hata rula ya shule, sentimita 20 hivi, anaishi kwenye mchanga wenye vichaka vifupi karibu na bahari, upande wa Poole na Studland, na analindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981.

Kinachouma watu ni mita 400. Ndani ya umbali huo kutoka kwenye vichaka, nyumba mpya ya kuishi kibali ni kama hakuna. Na hasira yao naielewa kabisa, nyumba huko ni ghali, kijana kazaliwa hapohapo anahama kwa kukosa pa kukaa, halafu anaambiwa kiwanja kipo ila kuna mjusi. Hata mimi ningefoka.

Ila nyumba haiji peke yake jamani, inakuja na paka, mbwa na viberiti. Na huyu mjusi ana shida yake ambayo watu wanairuka: mijusi wengine wa asili pale Uingereza wanazaa watoto hai, yeye pekee anataga. Jike anatafuta mchanga mtupu, usio na kivuli, anafukia mayai mwezi wa tano au wa sita, anaondoka zake, kuyaatamia kaliachia jua. Jua la Uingereza, mnalijua lilivyo! Kwa hiyo mayai yanakaa chini mpaka mwezi wa nane, wa tisa, yaani msimu mzima wa likizo, watu na mbwa wao wanakanyaga juu hapo hapo. Na moto je? Mei 2020 msitu wa Wareham, hukohuko Dorset, ukaungua, zaidi ya hekta 200, na zimamoto wakakuta majiko ya nyama choma yale ya kutumia mara moja na kutupa.

Sasa ukiniuliza kwa nini 400 isiwe 300, hapo umenibana, maana Canford Heath, pale Poole, kuna mtaa mzima umepakana na vichaka na mijusi bado wapo. Tena mita hizo zinalinda na ndege wa porini wanaoishi kwenye vichaka hivyo, ila mjusi anabebeshwa lawama peke yake. Ila kupita hapo mpaka kilomita 5 watu wanajenga, mjenzi anachangia tu hela ya kutengeneza sehemu nyingine za kutembezea mbwa. Kilichokatazwa ni ile nyumba ya mstari wa mbele, dirisha linatazama vichaka, na hiyo kweli huyo kijana anayehama angeiweza bei yake?