Benchi la Nje ya Darasa

Jana niliwahi kumchukua binti yangu shuleni, nikamkuta ameketi peke yake kwenye benchi la ukumbini, begi mapajani, anahesabu vigae vya sakafu. Ndani, wenzake walikuwa wanasali.

"Umeadhibiwa, mwanangu?"

"Hapana. Mimi si wa humo."

Usiku sikulala. Walimu wa shule ile wanalipwa na serikali, kwa kodi yangu na ya majirani zangu wa kila imani na wasio na imani. Fomu ya kujiunga iliniuliza kama nataka mtoto asihudhurie kipindi cha ibada. Nikatia tiki, nikidhani nalinda haki yake. Kumbe nilikuwa namchagulia benchi.

Wanaotetea shule za umma zenye mrengo wa dini hukimbilia hapo: asiyetaka, atoke. Lakini mtoto wa miaka 8 hajui kutoka katika somo, anajua kutolewa kundini. Kila wiki anasimama mbele ya wote, anabeba begi, mlango unafungwa nyuma yake. Rafiki zake wanamwangalia. Hakuna anayemtukana, na mwalimu wake ni mtu mwema, lakini somo lile la mlango analielewa kuliko hesabu. Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwapa haki wazazi wa Norway waliolalamikia ruhusa ya aina hii, kwamba kumtoa mtoto katika baadhi tu ya sehemu za somo la dini hakukutosha kulinda haki yao. Majaji waligawanyika, 9 kwa 8. Mimi niko na wale 9.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba shule nyingi za namna hii zilijengwa na watu wa dini wakati serikali hazikujali watoto wa maskini. Malezi ya shule hizo nayo ndiyo yaliyonivuta. Lakini hisani ya babu haimpi mjukuu haki ya kushika mlango wa shule ya umma milele. Ireland iliondoa kigezo cha ubatizo katika udahili wa shule za msingi za Kikatoliki kwa sheria ya 2018. England bado inaruhusu shule ya dini inayolipiwa na serikali, ikizidiwa na waombaji, itangulize watoto wa waumini.

Wala sitaki ya Ufaransa, iliyopiga marufuku hijabu na alama nyingine za wazi za dini katika shule za umma mwaka 2004. Binti wa hijabu naye ni mtoto aliyeachwa mlangoni.

Shule iwe na maadili, tena makali: ukweli, bidii, kumheshimu mwenzako. Dini zifundishwe zote, kwa watoto wote, darasa moja. Ibada ihamie baada ya kengele ya mwisho, anayebaki abaki, anayekwenda nyumbani aende na wenzake. Barua nimeshampelekea mwalimu mkuu.

Hadi nijibiwe, kila wiki saa ya kipindi kile nitakuwa kwenye benchi lile, pembeni ya binti yangu.