Mwenye Ufunguo Amekwenda Likizo

Katika karakana nyingi za Nairobi sanduku la huduma ya kwanza limetundikwa nyuma ya meza ya meneja, na ufunguo uko mfukoni mwake. Mkaguzi akija, sanduku lipo. Kibarua akikatwa na grainda saa nne usiku, meneja amelala Kitengela.

Wakipanga huduma ya kwanza, waajiri hukosea tangu swali la kwanza: "Tuna wafanyakazi wangapi?" Idadi ina uzito wake, lakini wahasibu arobaini wa Upper Hill hawana hatari sawa na wachomeleaji kumi wa Kariobangi. Mimi ningeuliza hivi: mtu akiumia kona ya mbali kabisa, saa ambayo watu ni wachache, aliyefunzwa atamfikia baada ya dakika ngapi? Zikipita tatu, huna huduma. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya kama dakika nne, na ambulensi inayopambana na foleni ya Jogoo Road jioni haiwezi kuwahi.

Basi pima kwa miguu. Anzia kwenye mashine ya mwisho, nenda hadi kwenye sanduku, urudi nalo, saa mkononi. Ngazi, lifti inayosubiriwa na lango lenye kufuli vyote vihesabiwe.

Kisha watu. Chukua kiwanda cha zamu mbili. Mhudumu mmoja aliyefunzwa kila zamu ni wawili, na wengi huishia hapo. Lakini Sheria ya Ajira inampa kila mmoja siku zisizopungua 21 za likizo kwa mwaka, bado ugonjwa, matanga na siku anayotumwa benki. Pia mhudumu mwenyewe anaweza kuwa ndiye aliyeumia! Weka wawili kila zamu, na wa tano wa akiba kwa sababu watu huacha kazi. Kama jengo lina ghorofa mbili zenye mashine, hesabu hiyo irudie kwa kila ghorofa. Usimsahau askari wa usiku. Mara nyingi ndiye pekee aliye macho, na ndiye wa mwisho kupelekwa mafunzoni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sanduku liwe na vifaa vya huduma ya kwanza tu. Ukilifungua leo utakuta Panadol, chaja ya simu na pamba. Dawa za kumeza zitoke. Pamba isiwekwe juu ya kidonda, nyuzi zake hunasa. Tumia shashi (gauze) safi na bandeji ya kukaza. Glavu ziwe jozi kadhaa, maana huchanika na ndizo huisha kwanza.

Vifaa vifuate hatari. Jikoni hotelini, kinachohitajika zaidi ni bomba la maji: aliyeungua apozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu wala dawa ya meno. Penye asidi au magadi makali, macho yaoshwe mfululizo angalau dakika 15, kwa hiyo kichupa kimoja cha maji ya chumvi hakitoshi. Na mtaa wenu ukipata maji kwa mgao, tangi la akiba ni kifaa cha huduma ya kwanza, hata kama mhasibu ameliandika kwenye bajeti ya usafi.

Ufunguo wenyewe, utoeni. Sanduku likiibiwa plasta, nunueni nyingine.